Hatua Nane za Mshenga Mbwana

Mzee Mbwana wa Temeke alikuwa fundi cherehani kwa riziki na mshenga kwa sifa. Posa zote alizowahi kupeleka zilikubaliwa, na hilo alilisema hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Kisha bintiye akamnunulia simu mpya, basi tena. Simu hiyo, alisema, inanasa satelaiti za Wamarekani, Warusi, Wachina na za Ulaya kwa mpigo mmoja. Ungedhani kazirusha yeye mwenyewe kutoka kibarazani kwake.

Jumamosi moja mpwa wake Twaha akamkabidhi barua ya posa aipeleke Chanika, kwa baba yake Raudha. Kijana wa watu alikuwa hali wala halali, maana alisikia kuna mwingine anajipanga. Baba Raudha akatuma ramani ya nyumba kwenye simu. Walipofika kwenye mikorosho, Badru, dereva wa bajaji, akapunguza mwendo.

"Mzee, tumuulize yule mama muuza maandazi?"

"Huyo mama ana satelaiti ngapi?"

Wingu lilikuwa zito, mikorosho imeziba anga, na kile kidoti kwenye kioo kikawa kinahangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mwishowe kikatulia kwenye nyumba ya bati jekundu. "Umefika," simu ikasema. Mbwana akamtupia Badru jicho la ushindi, akashuka.

Mpwani hamuulizi mgeni shida yake kabla hajanywa maji. Mshenga naye hamtaji binti kwa jina, si adabu. Kwa hiyo Mbwana akakohoa, akasema kijana wao anatafuta jiko na wamesikia hapa lipo. Mwenye nyumba, mjane aitwaye Bi Tunu, akaipokea barua iliyofungwa kwenye leso kwa mikono miwili, machozi yakimlenga. Akaahidi kumwita kaka yake waisome. Huko ndani vigelegele vikaanza.

Bajaji haijafika barabarani, simu ikaita. Alikuwa baba Raudha.

"Mzee Mbwana, pilau inapoa. Mmepotelea wapi?"

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ile ya bati jekundu, zimepeana migongo. Satelaiti za dunia nzima zilikosea hatua nane tu, zikataka kumwoza Twaha mke mwingine.

Mbwana akarudi kwa miguu, aibu imemjaa mpaka masikioni.

"Bi Tunu, nisamehe dada yangu. Nimekosea nyumba. Barua ilikuwa ya kwa kina Raudha."

Vigelegele vikakatika. Bi Tunu akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na leso. Haikuwa imefunguliwa.

"Lulu wangu ana miaka thelathini na sita," akasema. "Washenga wa Raudha wote hupita hapa dirishani, na hajawahi kukosea hata mmoja."

Akamwekea leso mkononi, akajitahidi kutabasamu.

"Hiyo simu yako, kaka, usiitengeneze."