Mabango Kumi na Mawili Niliyokataa Kuandika

Nilianza kazi ya kuandika mabango siku ya Jumatatu, katika karakana moja ya Kibuye mjini Kisumu, miezi minne baada ya kufika kutoka Bukavu. Fundi Mkuu, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, alitazama vidole vyangu kabla ya kunitazama usoni. Nilimwambia kwamba kwetu Kongo nilikuwa nachora picha za kanisani.

"Hapa hatuchori watakatifu," akasema. "Hapa tunaandika Duka la Dawa, na mgonjwa lazima alisome akiwa ng'ambo ya barabara."

Wiki mbili nilipiga msasa tu. Ninyi mnaochapisha mabango kwa mashine huenda hamjui kazi ile. Bati lilisuguliwa, likapakwa rangi ya msingi, likaachwa likauke. Kisha tulivuta uzi uliopakwa chaki, tukauachilia ghafla, ukaacha mstari mweupe ulionyooka. Herufi ziliandikwa kwa brashi ya manyoya marefu, mkono ukiegemea fimbo yenye kitambaa nchani ili usiguse rangi mbichi. Herufi ngumu kuliko zote ilikuwa S. Nilipoiweza, Fundi Mkuu hakunisifu. Alinituma Bondo.

Huko nilikaa miaka mitatu chini ya Msimamizi wa tawi la karakana yetu, mwanamume mpole ambaye hakutaka kuona rula. Nafasi kati ya herufi ilipimwa kwa jicho. Baadaye nikapelekwa upande wa Kombewa, na Mwenyekiti wa ufuo akanipa kazi ya kuandika majina ya mashua. Wavuvi ndio walioanza kuniita Nyar Kongo, binti wa Kongo. Niliandika mashua, nikaandika shule na zahanati, nikaandika misalaba ya makaburini. Mwishowe nikafungua karakana yangu mwenyewe Kisian, na kibali changu cha kazi nikakitundika ukutani ndani ya fremu.

Kisha msako wa wageni ukaanza. Watu waliovaa kiraia walipita sokoni wakidai vitambulisho. Jirani yangu Esperance, Mrundi aliyeshona vitenge, alichukuliwa akiwa bado ameshika mkasi. Karatasi zake zilikuwa ofisini zikifanywa upya, na risiti alikuwa nayo. Hakuna aliyeitazama. Wiki ile walichukuliwa watu tisa.

Siku ya tatu afisa mmoja alikuja kwangu na mabati kumi na mawili. Alitaka kila ufuo na kila soko liwe na bango la kuwaambia watu waripoti mgeni yeyote asiye na karatasi.

"Kwa nini mimi, Bwana Afisa?"

"Mama, watu wa huku wanajua mwandiko wako. Wakiuona wataamini."

"Hii siwezi kuandika."

"Wewe andika tu. Maneno si yako." Akatazama ukutani. "Hiki kibali kinaisha mwezi ujao, si ndiyo?"

Alipoondoka, niliyaegemeza mabati ukutani. Nilimpigia simu Fundi Mkuu, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, nikamweleza.

"Bango ukiliandika ni lako," akasema. "Lakini usikatae kwa kunyamaza. Ukinyamaza watatafuta fundi mwingine."

Alhamisi kulikuwa na baraza la chifu katika uwanja wa shule, na Mwenyekiti wa ufuo alikuwa amefika kutoka Kombewa. Maisha yangu yote nilikuwa nimewapa watu mgongo, uso ukiwa ukutani. Siku hiyo niliomba nafasi ya kusema, na yule afisa ameketi safu ya mbele.

"Mnaniita Nyar Kongo," nikaanza. "Nimeambiwa niandike mabango ya kuwaambia mturipoti. Nimekataa. Mimi nina kibali, kwa hiyo naweza kusimama hapa. Esperance hawezi, yuko seli na risiti yake mfukoni. Aliyevunja sheria apelekwe kortini asikilizwe. Huyu mwenye risiti amekosa nini? Mwenyekiti, msalaba wa mama yako niliuandika mimi. Jina la shule hii ni mkono wangu. Kama mkono huu ni wa kuripotiwa, anzeni na mimi."

Kisha bibi mmoja muuza samaki akainuka taratibu.

"Huyu ni nyarwa," akasema, yaani binti yetu. "Na yule wa vitenge ndiye alishonea wajukuu wangu yunifomu. Sasa tuambiane, nani anaenda kituoni waitazame hiyo risiti?"

"Mimi naenda," Mwenyekiti akasema, akavaa kofia.

Karibu baraza zima lilimfuata hadi kituoni, tukaahidiwa kwamba wote tisa watafikishwa kortini. Jumatatu wakili aliyejitolea alisimama kortini, hakimu akaishika ile risiti na kumuuliza afisa kama aliwahi kuiona.

"Sikuiona, mheshimiwa."

Watu saba waliokuwa na risiti kama hiyo waliachiliwa palepale. Wawili waliobaki walipewa muda wa kukamilisha karatasi zao. Esperance alipotoka, akina mama walipiga vigelegele hadi askari wa mlangoni akacheka.

Afisa alirudi kuchukua mabati yake, yakiwa matupu yote kumi na mawili.

"Mama, umeniharibia jina," akaniambia.

"Jina lako sijaliandika popote, Bwana Afisa."

Kibali changu kilichelewa sana, lakini kilitoka. Niliendelea na kazi hadi macho yalipoanza kuchoka, nikaifunga karakana kwa hiari yangu.

Sasa wasanii vijana hunitembelea, hasa waliotoka nchi nyingine. Huniuliza kama si heshima mgeni kunyamaza. Huwaambia kwamba kazi yao imewafanya wajulikane na watu wengi, na kujulikana huko kuna matumizi zaidi ya kupata wateja. Mwenye karatasi amsemee asiye nazo, maana yeye atasikilizwa kwanza.

Kisha huniuliza kama niliogopa. Niliogopa mno. Niliposema "anzeni na mimi", sauti ilikatika katikati ya neno, lakini hata waliokuwa nyuma kabisa walinisikia.