Radhi Iliyokosa Ndege

Mwaka ule binti yetu alipotuambia kuwa atatembea kwa miguu wiki nne kaskazini kabisa ya Alaska, kusiko na barabara wala nyumba, mama yake alimuuliza atakula nini.  Mimi nilikuwa nimeketi sebuleni kwetu Greenbelt, upande wa pili wa nchi, kitabu mapajani, nikijifanya nasoma.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, akipima udongo katika kituo cha kilimo kule Beltsville. Angefuatana na wenzake wawili wa kazini, wanawake kama yeye. Siku ya kuondoka alikuja kutuaga, begi la mgongoni limempita kichwa, akaniuliza swali ambalo lilinipasa kulifurahia, mimi niliyesomesha watoto dini tangu ujanani.

"Baba, kule wakati huu jua halitui. Magharibi niisali saa ngapi?"

"Mahali pasipo na magharibi," nikamjibu, "mtoto wa Kiislamu anakwenda kutafuta nini?"

Akanibusu mkono, akabaki amesimama. Nilijua anachosubiri. Kwetu mtoto haanzi safari bila mzazi kumtamkia radhi, naye aisikie kwa sikio lake. Nikafunua ukurasa wa kitabu changu. Wenzake wakapiga honi nje, akaenda.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilizunguka ziwa la mtaani kwetu asubuhi na alasiri, hata mke wangu akaniuliza namkimbiza nani. Nikanunua ramani, nikaitandaza juu ya meza ya chakula, na kila mto nilioukuta nilimvusha mwanangu kwa kidole. Alituambia mito ile huvukwa alfajiri, maji yakiwa bado machache, na kwamba ardhi yenyewe ni tope na vichuguu vya nyasi vinavyoyumba chini ya mguu. Dubu hakuwataja. Niliwakumbuka mwenyewe.

Wiki ya pili ilipokuwa inakwisha nilifungua vitabu vyangu vya fiqhi, elimu ya sheria za ibada, nikaona aibu. Suala lake wanazuoni walilijibu zamani sana: nchi isiyo na usiku, mtu hukadiria nyakati kwa mji wa karibu wenye usiku na mchana. Nilikuwa nalijua jibu. Hasira ndiyo iliyolificha.

Binti alituachia nambari ya ofisi ya ndege ndogo ambayo ingewashushia mfuko wa chakula katikati ya safari. Nikapiga. Mama aliyepokea alikuwa na upole mwingi. Kiingereza changu kilikuwa cha sokoni, na ujumbe nilitaka uwe wa Kiswahili, basi nikamtajia herufi moja moja, naye akaziandika bila kujua hata neno moja, akinisomea kila mstari ulipokwisha, akaahidi kuitia karatasi katika mfuko wao. Akadirie kwa mji wa karibu. Yeye ni msafiri, aunganishe sala na apunguze rakaa. Nilipoweka simu moyo ulikuwa mwepesi, nikamshukuru Mungu.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akauliza kama nimempa radhi yake.

"Nimemjibu suala lake," nikasema.

"Mtoto kasubiri radhi, bwana, wewe umempelekea darsa."

Nikapiga tena siku ileile. Ndege ilikwisharuka.

Zikabaki wiki mbili za kumjua yuko wapi kwa kukisia tu. Radhi niliitamka kwenye kila sijida, lakini hakuna sikio lililoisikia isipokuwa la Mola, na mimi nilitaka na la mtoto. Jumamosi, darasani kwangu, nilimkosoa mtoto aliyesoma aya sawasawa, wenzake wakanicheka kwa Kiingereza. Subira niliyoihubiri miaka yote nilijikuta sina hata ya kungojea birika lichemke.

Alipiga simu asubuhi moja nilipokuwa navaa viatu vya kwenda ziwani. Wamefika kijiji cha mwisho, alisema, wote watatu wazima. Mama yake alimshikilia simuni kwa muda mrefu akimuuliza habari za miguu, mbu na kama amekonda. Kisha nikapewa mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alinishukuru kwa jibu. Karatasi aliikuta ndani ya unga wa shayiri, akaisoma hemani, na tangu siku ile akasali kwa saa za mji nilizomwelekeza. Wenzake walitaka kujua barua imetoka kwa nani.

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia imetoka kwa mwalimu wangu."

Hakulisema kwa ubaya. Nikakaa juu ya ngazi, kiatu kimoja mguuni.

"Mimi baba yako," nikamwambia. "Niko radhi nawe, duniani na akhera. Nilikuwa radhi nawe ulipokuwa umesimama pale mlangoni, nikakunyima kuisikia. Nisamehe."

 Akasema simu ni ya duka na nyuma yake watu wamepanga foleni, lakini niseme tena, polepole.

Nikasema tena.