Mshale Uliorudi Nyuma

Juzi pale Keko nilimwona fundi umeme akipima soketi kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, nikasikia tena harufu ya chaki na kutu ya maabara yetu ya shule.

Darasa zima tulikuwa na ammita moja ya kupimia mkondo wa umeme, mali ya umma. Nilipoiunganisha, mshale ulirudi nyuma ya sifuri, ukagonga, ukaganda hapo. Nikajua nimeiua. Taratibu nikaisogeza kwa Rehema, jirani yangu mezani.

“Anza wewe.”

Mwalimu alimkuta analia, akidhani ni yeye aliyeiharibu. “Hujaharibu kitu, mwanangu,” akamwambia, akazipishanisha nyaya tu, mshale ukapanda vizuri.

Wakati wa kurudi nyumbani Rehema alinimegea muhogo wake wa kuchoma.

“Ahsante kwa kuniachia nianze mie.”

Nikaupokea, nikala.