Moshi wa Kumuponya Tata

Juzi pa soko ya Nchelenge nilisikia harufu ya samaki ya moshi, roho ikaniuma.

Nilikuwa mutoto. Tata, baba yangu, alikuwa ameacha sigara siku ine, kwani munganga wa hospitali alimwambia itamuua. Mchana ule alikaa pa mulango, hasira tupu, akikohoa kuliko mbele ya kuiacha. Mama alikuwa akikausha samaki juu ya moto. Akaniambia, "Samaki ile haipate moshi inaoza, kesho ni funza."

Basi nikafikiri kifua cha Tata kinaoza kwa kukosa moshi. Nikatoa sigara pa koti yake, koti ile alinunua Kilwa, yenye mufuko wa kutoboka, nikaiwasha pa moto ya samaki, nikavuta kidogo isizimike, vile alinizoeza mwenyewe.

Nikamupelekea. Aliiangalia sana. "Nani amekutuma, mutoto wangu?"

"Hakuna mutu, Tata. Ni juu ya kifua chako, kisioze."

Akacheka, akaipokea. Hakuacha tena.

Sasa nimeelezwa kwamba kikohozi kile kilikuwa kifua kinajisafisha baada ya kuacha sigara. Kansa ya mapafu ilimumaliza polepole. Pa kilio cha matanga yake watu walisema hakuna aliyemulazimisha kuvuta. Nilikuwa pale, nikiwapakulia samaki ya moshi.