Ugonjwa Waliosema Si Wetu

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu alinipa aproni na onyo: "Hapa hauko wa kufikiri. Uko wa kuchemusha sindano." Sindano za wakati ule zilikuwa za kioo, zikichemshwa na kutumiwa tena. Uhuru ulikuwa unakaribia, na hospitali za mji zilikuwa mbili: ya Wazungu, na yetu.

Daktari Mkuu alitufundisha kwa picha ya Mzungu mwenye mashavu mekundu. "Lupus," alisema. "Mwili unajipiga wenyewe: viungo, ngozi, figo. Inapata zaidi wanawake. Ninyi musijali, kwa Weusi haiko." Haiko! Alitafuta wekundu kwenye ngozi zetu, ambako doa lile la mashavuni huwa jeusi, akakosa, akaridhika.

Ndipo akaja Zaina, mke wa Papa Saleh fundi cherehani. Viungo vimevimba, nywele zinakatika, doa jeusi limevuka pua toka shavu hadi shavu. Kipimo cha damu kikasema kaswende. Desturi ya hospitali ilikuwa mume aitwe naye apimwe, jibu lisomwe kwa sauti mbele ya benchi zima la wagonjwa. Damu ya Saleh ilikuwa safi. Benchi likaguna.

"Mama infirmière," Zaina alinishika mkono mimi muuguzi, "mi sijajua mwanaume mwingine. Mungu iko anaona."

Daktari Mkuu akaagiza penisilini. Mama mkwe akamfungia vitu vyake, wakampandisha mashua arudi kwao Basoko na talaka yake.

Uhuru ukaja, kisha uasi. Daktari Mkuu akapanda ndege uwanjani Simi-Simi, hatukumwona tena. Mji ulipotulia tukapata daktari Mkongomani, na Zaina akaletwa miguu imejaa maji. Yule daktari akamsogeza dirishani, akautazama uso wake.

"Hii si kaswende, iko lupus. Ile kipimo inadanganyaka kwa mutu wa lupus."

"Docteur, walitufundisha kwa Weusi haiko."

"Haiko? Inapata wanawake kupita wanaume, na wanawake weusi kupita weupe!"

Zaina alisikia yote. "Walinisema mbele ya watu," akasema. "Munisafishe mbele ya watu."

Figo zilikuwa zimekwisha. Alipofariki, Saleh na mama yake walikuja matangani. Nilisimama na sare yangu nikatangaza: "Zaina hakuwa na kaswende. Hakumusaliti Saleh hata siku moja." Saleh akafunika uso kwa kofia yake.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Bon, kama docteur mwenyewe hakujua, nani angejua?"

Nimestaafu, na vijana wa kazi hii nao huniuliza hivyo hivyo: zamani zile, nani angejua? Nami sina jibu jingine ila lile nililompa mama mkwe siku ile.

"Zaina alijua, mama. Alituambia wote."