Mtoto hayupo, kopo limejaa: Siku za Mama Kopo katika utafiti wa mzio

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamke aliyevaa aproni ya buluu anabisha hodi kwenye mlango wa chuma, anaweka chini boksi lake la barafu na kusubiri. Ndani maji ya bomba yanamwagika, na mtu mzima anambembeleza mtoto: "Jitahidi mwanangu, mgeni wa watu kashafika."

Mgeni wa watu hana haraka. Kazi yake hailazimishwi. Dakika kumi baadaye baba wa mtoto anatokeza akiwa amekishika kikopo kwa vidole viwili, uso kaugeuzia ukutani.

"Shika vizuri baba, hakiumi," anamwambia huku akicheka, kisha anakipokea kwa mikono miwili. Anasoma namba, anatazama kipimajoto cha boksi, anaandika saa kwenye kifuniko. Kuanzia hapo ana saa nne za kufika maabara.

Mtaani ni wachache wanaolijua jina lake. Ni Mama Kopo. Watoto wanaomkimbilia wakidhani anauza aiskrimu huwaambia, "Wanangu, hii hata mkipewa bure hamtaitaka."

Anakusanya choo cha watoto kwa ajili ya watafiti wa mzio, ile hali ya mwili kukasirikia vitu ambavyo kwa wengine havina neno: yai, karanga, vumbi, manyoya ya paka. Watafiti wanalinganisha bakteria wanaoishi tumboni mwa watoto wenye mzio na wale wa watoto wasio nao.

Daktari anayeongoza kazi hiyo huwaita bakteria hao wapangaji, na anasema wengi wao ni wapangaji wema. "Wapangaji wa makundi haya mawili hawafanani," anaeleza. "Ila kama tofauti ndiyo inayoleta mzio, au mzio ndio unaoleta tofauti, hapo bado. Ndiyo maana tunawafuata watoto walewale mwaka mzima."

Mama Kopo ana nyumba thelathini na nane, na kila moja huipitia mara nne kwa mwaka. Ya thelathini na tisa ni yake mwenyewe.

Binti yake, kitindamimba wa miaka tisa, ana mzio wa mayai. Alipokuwa na miaka minne alionja keki kwa jirani. Midomo ikavimba, kifua kikabana. "Nilimbeba mgongoni nikakimbia mpaka zahanati," mama anasimulia. "Viatu hata sikumbuki niliviacha wapi."

Tangu siku hiyo mtoto amelazwa mara tatu. Sindano ya dharura anayotembea nayo kwenye mkoba wa shule humaliza karibu nusu ya mshahara wa mwezi wa mama yake, na huharibika muda wake ukipita hata kama haikutumika. "Kila mwaka naomba niitupe nzima," anasema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu anaujua mpaka tarehe ya kuharibika kwa dawa.

Ndiyo maana aliposikia watafiti wanatafuta mtu wa kupita majumbani, aliacha kazi ya kufua nguo hotelini na kuomba nafasi hiyo. Alitaka awe karibu na jibu likipatikana.

Alianza vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Ili kuwatia moyo wazazi, akikuta kikopo kimefungwa sawasawa na namba imeandikwa, alipiga alama ya vema juu ya kifuniko kwa kalamu nyekundu, mbele ya macho yao. Watu wakafurahi. Kuna nyumba walimpigia makofi. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, na hakuna aliyemkataza.

Katika mzunguko wa tatu alifika kwa bibi mmoja anayelea wajukuu wawili, mkubwa wa miaka sita mwenye mzio, na mdogo mzima wa afya. Kikopo kilikuwa tayari mezani, kimefunikwa kwa kitambaa safi. Akauliza yule mkubwa yuko wapi amsalimie.

"Yuko kwa shangazi yake, wiki ya pili hii," bibi akajibu.

"Sasa bibi, na hiki?"

"Cha mdogo wake. Huyu choo chake kizuri, mwanangu, kila asubuhi hakosi. Yule mkubwa tumbo lake la wasiwasi. Ningekupa cha yule, ungeniwekea vema?"

Mtoto hayupo, kopo limejaa. Mama Kopo anakiri kwamba alicheka. "Nilicheka kweli, na bibi akacheka. Nilipofika njiani ndipo nikakitoa kikopo kwenye boksi, nikaisoma tena ile namba."

Alikuwa ameelewa. Watu waliona kalamu nyekundu wakadhani ni mtihani, na kwenye mtihani unampeleka mtoto mwenye akili. Vitabuni mwa watafiti, mtoto mwenye mzio alikuwa ameandikiwa tumbo la mtoto asiye na mzio. Nyumba kama hizo zikiwa nyingi, tofauti inayotafutwa ingefutika, na jibu ambalo binti yake analisubiri lingekuwa la uongo.

Akaanza kudodosa nyumba nyingine, taratibu, kwa mzaha. Pamoja na ya bibi, nyumba sita kati ya thelathini na nane zilikuwa zimebadilisha. Makopo kumi na moja kwa jumla. Mama mmoja alimwambia waziwazi, "Sikutaka mwanangu aandikwe vibaya."

Mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki tano. Akamwendea dada yake mkubwa kuomba ushauri. "Nyamaza," dada akamwambia. "Unataka kujipalia makaa? Choo ni choo, nani atajua?"

Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu, mchana, alimkuta binti yake jikoni na pakiti ya biskuti alizopewa na rafiki. Alikuwa bado hajaifungua. Anasoma maandishi madogo ya nyuma, kidole kinafuata mstari kwa mstari.

"Wenzake wanafungua wanakula," Mama Kopo anasema, akipangusa macho kwa ncha ya aproni. "Wangu anasoma kama wakili. Nikasema hapana."

Akaenda kwa daktari na orodha ya nyumba sita mkononi, akaeleza habari ya kalamu yake bila kuficha. Daktari hakupendezwa. "Dada, umetupotezea miezi," alimwambia. Kisha akamuuliza kwa nini amekuja kusema jambo ambalo hakuna mtu angeligundua.

"Kwa sababu kopo la mwanangu limo humohumo, daktari," alijibu. "Uongo ukiingia, na yeye ataandikiwa uongo."

Alipewa onyo la maandishi. Makopo kumi na moja yakaondolewa, nyumba sita zikaanza upya, na utafiti ukaongezwa mwaka mzima. Mkataba wake ulihuishwa kwa miezi sita tu, chini ya uangalizi. Kalamu anayotumia siku hizi ni nyeusi.

Mlangoni kwa bibi, asubuhi ileile tuliyoandamana naye tangu kwenye mlango wa chuma, kikopo kinatolewa kwa shingo upande. "Hiki cha mwenye wasiwasi," bibi anasema. "Lakini nakwambia mapema, si kizuri."

"Bibi yangu, hichohicho ndicho nilichokifuata."

Majibu hayatatoka karibuni. Yakitoka, binti atakuwa na miaka kumi na moja, na daktari haahidi kwamba yatakuwa na dawa ndani yake. Mama Kopo hakai akisubiri. Mwezi ujao, yeye na muuguzi wa zahanati watakwenda shuleni kwa binti kuwafundisha walimu kuchoma sindano ya dharura, ili katika safari ya darasa ya siku tatu, ambayo mwaka huu mtoto aliishia kuiangalia kwenye picha za wenzake, mwakani asiachwe.

Tunamuuliza anatarajia nini hasa kutoka kwenye makopo yote haya. Anafunga boksi, analipandisha begani.

"Siku moja anipigie simu kutoka ugenini," anasema. "Aniambie, mama, nimeshakula. Na mimi nimwambie haya, lala salama, bila kumuuliza amekula nini."