Mume wa Tina Hasemi Uongo

Abram Giesbrecht amelima ngano hapa kusini mwa Manitoba, Kanada, tangu ujana wake, na hajawahi kusema uongo. Hilo linaudhi kuliko mnavyodhani. Ukimpa keki yako aionje, atakwambia imekauka. Sisi Wakristo wa kanisa la Mennonite wote tunafundishwa ukweli tangu utotoni, ila wengine tunajua kunyamaza. Abram hajui.

Ndiyo maana ugonjwa wa kusahau ulipompata mkewe, Tina, nyumba yao ikawa msiba usiokwisha. Kila alasiri Tina huanza kuzunguka, dirishani, mlangoni, dirishani tena, akimtafuta mama yake.

"Mama yako alikufa, Tina. Tulimzika," Abram humjibu.

Tina huangua kilio kama habari ndiyo kwanza imefika. Kesho yake ni hivyo hivyo. Mimi jirani yao nilikuwa nasikia kilio kile nikiwa jikoni kwangu, nikatamani kumpiga Abram na mwiko.

Binti yao, Marlene, alichoka. "Baba, nyumba ya wazee ina nafasi. Hali isipobadilika, nampeleka."

Abram hajawahi kulala mbali na Tina tangu waoane. Akakubali nimpeleke kwenye mafunzo ya wanaouguza watu wa namna hiyo, kwenye chumba cha chini ya kanisa. Anayefundisha ni Lorena Dueck, muuguzi aliyesomea ugonjwa huo hasa.

"Msibishane nao," Lorena alisema. "Mfuateni mgonjwa pale alipo."

Abram akasimama. "Yaani nimwambie mama yake yuko jikoni?"

"Sikusema hivyo, Mzee Giesbrecht."

"Basi umesema nini? Mimi mke wangu simdanganyi."

Nikamvuta sweta. "Kaa chini, Abram. Ungekuwa unajua, tungekuja kufundishwa na wewe."

Watu wakacheka. Lorena hakucheka. "Akimwulizia mama yake, anataka nini?"

"Anamtaka mama yake."

"Anataka nini kwa mama yake?"

Abram akakaa chini. Lorena akamwambia hahitaji kudanganya, wala hahitaji kumzika yule mama kila siku. Amwulize Tina habari zake. Kisha akajifanya Tina, akatikisa kitasa cha mlango akiuliza mama yuko wapi, ili Abram ajizoeze.

"Alikufa," Abram akasema. Darasa zima likaguna.

Jumapili nikapeleka mikate kwao kwa ajili ya faspa, chai yetu ya alasiri. Marlene alikuwepo, amekunja mikono. Kule nyumba ya wazee walitaka jibu siku hiyo. Tina alishavaa koti, anatikisa mlango.

"Mama yuko wapi?"

Abram akafumbua kinywa. Lile neno nililiona linakuja. Akalimeza.

"Umemkumbuka sana," akasema. "Mikate yake alikuwa anaiokaje?"

Mkono wa Tina ukatulia kitasani. "Kwa mafuta ya nguruwe. Siagi alikuwa anaiuza." Akaja mezani, akaanza kukanda unga usiokuwepo, akisimulia. Marlene akakunjua mikono, akaweka birika motoni.

Halafu Tina akamtazama Abram. "Wewe ni mtu mwema, mzee wangu. Lakini lazima niende. Mume wangu ananingoja."

Abram akanigeukia, kisha akamgeukia Tina tena. "Ni mtu wa namna gani, huyo mume wako?" akauliza.

"Mbishi. Maneno yake makali. Lakini hajawahi kunidanganya. Akisema atakuja, anakuja."

"Atakuja."

"Wewe umejuaje?"

"Namjua. Hawezi kukaa mbali na wewe."

Tina akalivua koti, akampa. "Basi nishikie mpaka afike."

Marlene akatoka nje na simu, nikamsikia akiwaambia ile nafasi wampe mtu mwingine. Tukanywa chai. Nilimwambia Abram aliweke lile koti kitini ale mkate wake, akakataa.